Kusaidia hoteli na gesti za Lubumbashi: kuanzia daftari la maji hadi zamu ya usiku

Maswali huwa ni yaleyale. Nianze na sola au na mafunzo? Mwenye hoteli atakubali vipi kunionyesha mishahara? Bango la "tunza maji" bafuni linatosha? Usawa wa wanawake unapimwa kwa kitu gani? Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa kazi ya kufuatilia hoteli, gesti au mgahawa, iwe umetumwa na chama cha wenye hoteli, na mradi, au gesti yenyewe ni ya familia yako kule Bel-Air, Golf au Kampemba. Vipimo vyote humu ni vya nyumba yenye vyumba 8 hadi 40. Hoteli kubwa zina fundi wao wa kudumu na hesabu zao ni nyingine.

Usifungue mafaili matatu, moja la mazingira, moja la wanawake, moja la huduma. Mama anayefua mashuka 30 kwa siku mpaka giza liingie ndiye matumizi ya maji, ndiye mazuti (dizeli) ya gurupu (jenereta), ndiye hatari ya njiani usiku, na ndiye shuka lililoanikwa likiwa limechelewa, lenye harufu ya unyevu, ambalo mgeni atalilalamikia kesho. Ukipunguza mashuka yanayofuliwa bila sababu, umegusa yote manne kwa siku moja. Kila utakachofanya humu kitafute kwa namna hiyo: kazi moja inayogusa sehemu nyingi.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja gumu la kurasa 200. Kompyuta baadaye.
- Ndoo ya lita 10 yenye alama, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50.
- Kipimajoto cha chakula chenye sindano.
- Fakture (bili) za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji) za miezi 6 iliyopita, na karatasi za ununuzi wa mazuti na makala (mkaa). Zikikosekana, usisimame. Utaanza kuhesabu upya.
- Orodha ya wafanyakazi: kazi, mwanamke au mwanaume, mshahara, tarehe ya kuanza, ana mkataba wa maandishi au hana.
- Mwenzako mwanamke, kama wewe ni mwanaume. Bila yeye hatua ya 4 haifanyiki.

Muda: siku 3 kamili za mwanzo, siku 14 za kupima ambazo wafanyakazi wenyewe wanaandika, kisha nusu siku kila wiki mbili kwa miezi 6.

Hatua ya 1. Patana na mwenye hoteli kwenye karatasi moja

Ukurasa mmoja, sahihi mbili. Andika mambo manne: utaona hesabu zipi, nani ndani ya hoteli atasimamia, siku zipi utakuja, na kwamba hakuna mfanyakazi atakayefukuzwa kwa alichokuambia. Hilo la nne lisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Wasimamizi wa ndani wawe wawili, na mmoja awe mwanamke anayesafisha vyumba au kupika. Mke wa mwenye hoteli anaweza kuwa msaada mkubwa, lakini asiwe ndiye "mwanamke" pekee kwenye karatasi. Wafanyakazi hawatamwambia yale ambayo hawamwambii mume wake.

Kosa la kawaida: kuanza na semina ukumbini, watu 40, chai na mandazi, picha. Baada ya wiki mbili hakuna kilichobadilika, na mwenye hoteli anaona amekwisha kufanya sehemu yake.

Hatua ya 2. Pima siku 14, usibadilishe kitu

Namba unayoitafuta ni moja: matumizi kwa *usiku wa chumba*, yaani chumba kimoja kilicholalwa usiku mmoja. Fakture ikishuka kwa sababu hoteli ilikuwa tupu, hujaokoa chochote. Kwa hiyo kila jioni mapokezi yaandike vyumba vilivyolalwa, na kila kipimo kigawanywe kwa namba hiyo.

*Maji.* Tuseme gesti ina vyumba 18. Kwa siku 14 vimelalwa mara 140. Mita imetoka 3,412 hadi 3,496, yaani mita za ujazo 84, sawa na lita 84,000. Gawanya kwa 140: lita 600 kwa usiku wa chumba. Nyingi mno. Bafu ikitoa lita 15 kwa dakika na mgeni akioga dakika 8, hizo ni lita 120. Choo cha lita 10 kikivutwa mara 6 ni lita 60. Hata ukiongeza kufua na jikoni, bado kuna maji yanakwenda mahali.

Ili kuyajua, soma mita saa 23.30 wageni wakiwa wamelala, na tena saa 4.30 alfajiri kabla ya mtu kuamka. Mita ikisogea kwa lita 500 ndani ya masaa 5, hiyo ni lita 100 kwa saa, 2,400 kwa siku, na kwa siku 14 ni 33,600. Katika mfano wetu, asilimia 40 ya maji yote yanapotea bila kumwosha mtu.

Lakini angalia hapa, wengi wanajikwaa: mara nyingi maji ya REGIDESO yanakuja usiku, na tangi linajaa usiku huohuo. Ukisoma mita ya REGIDESO utadhani kuna uvujaji kumbe ni tangi linalojaa. Funga valvu ya kuingizia tangi kwanza, upime kushuka kwa maji ndani ya tangi lenyewe. Au weka mita ndogo kwenye bomba linalotoka tangini. Wenye kisima cha kuchimba hawana mita kabisa, kwa hiyo mita hiyo ndogo ndiyo kitu cha kwanza cha kununua.

Vyoo vinavyovuja kimyakimya utavikamata kwa chai nzito isiyo na maziwa: mimina kikombe ndani ya tangi la choo, subiri dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka. Mabomba yanayodondosha, weka kikombe kwa saa moja, zidisha kwa 24.

Bafu: elekeza maji ndani ya ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa sekunde 40, bafu linatoa lita 15 kwa dakika. Kichwa kizuri cha bafu kinatoa lita 6 hadi 9 na mgeni hatambui, mradi presha ipo.

*Gurupu.* Karibu na gurupu litundikwe daftari lake: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizowekwa, na kitu gani kilikuwa kinawaka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri. Gurupu la kVA 20 hunywa karibu lita 2 kwa saa hata likibeba taa na televisheni ya mapokezi tu, na kila lita ya mazuti inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni (CO2). Zaidi ya hapo, injini inayozungushwa muda mrefu chini ya theluthi moja ya nguvu yake inajaa masizi na mafuta yasiyoungua. Ndiyo sababu inatoa moshi mweusi na kuharibika mapema.

*Makala.* Usihesabu magunia, pima kilo. Gunia la soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini) na gunia la njia ya Kasenga si kitu kimoja. Andika kilo za siku na sahani zilizouzwa.

*Takataka.* Siku 7 zinatosha. Ndoo nne: chakula, plastiki, chupa na makopo, vingine. Pima jioni, andika, basi.

Hatua ya 3. Lala hotelini kama mgeni

Usiku mmoja, umelipa au umelipiwa, na mapokezi wasijue siku. Piga simu kuulizia chumba: waliitika mara ya ngapi ya kulia? Tuma ujumbe WhatsApp: jibu lilichukua dakika ngapi? Fika na begi. Andika dakika kutoka mlangoni hadi ufunguo mkononi. Agiza chakula na uulize kitachukua muda gani, kisha pima. Mgeni wa Lubumbashi mara nyingi ni mtu wa migodi au wa mkutano, anatoka saa 5.30 alfajiri. Dakika 50 za kungoja yai zinamuudhi, lakini kuambiwa "dakika 10" halafu akangoja 50 kunamuudhi zaidi.

Washa maji ya moto na uhesabu sekunde hadi yafike. Zima taa, angalia chini ya mlango kama mwanga wa korido unaingia. Jaribu kufunga mlango kwa ndani. Mgeni mwanamke anayesafiri peke yake anaangalia vitu vitatu ambavyo wanaume hawaviangalii: komeo la ndani, mwanga kutoka getini hadi mlangoni, na kama mapokezi wanataja namba ya chumba chake kwa sauti mbele ya watu. Hilo la tatu halina gharama. Namba iandikwe kwenye karatasi ya ufunguo, isisemwe.

Hatua ya 4. Wasikilize wanawake wa kazi, peke yao

Mbali na macho ya mwenye hoteli, mbali na kamera, saa za kazi na si baada ya kazi (baada ya kazi wanakimbilia taksi). Mwanamke awasikilize wanawake. Muite mtu kama wenzake wanavyomwita, mama au yaya (dada mkubwa); ukifika na "bibi mfanyakazi" umekwisha mfunga mdomo. Uliza mambo ya kuhesabika:

- Unatoka saa ngapi, unafika nyumbani saa ngapi, kwa chombo gani, analipa nani?
- Unabadilishia nguo wapi? Kuna choo cha wafanyakazi chenye komeo?
- Taulo likipotea, nani anakatwa?
- Matabishi (bakshishi) yanagawanywa vipi? Anayesafisha chumba anapata, au yanaishia mapokezi?
- Mgeni akikuita chumbani usiku, unaruhusiwa kukataa?
- Aliyepata mimba mwaka jana, yuko wapi sasa?

Swali la mwisho peke yake linakupa nusu ya picha.

Kisha chora jedwali la mishahara: kazi, wanawake wangapi, wanaume wangapi, mshahara wa chini, wa juu, mikataba. Tafuta majina mawili ya kazi moja. Mara kwa mara utakuta "mpishi" mwanaume na "msaidizi wa jikoni" mwanamke, na wote wawili wanasonga bukari (ugali) ileile, wanapika sombe (kisamvu) ileile na samaki wa Thomson walewale, ila mmoja analipwa zaidi. Andika saa na kazi za kila mmoja kwa wiki moja, uweke karatasi mezani. Usihubiri, karatasi inatosha.

Sheria unazopaswa kuzijua kwa kichwa ni chache. Kanuni ya Kazi ni sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Wiki ya kazi ni masaa 45. Likizo ya uzazi ni wiki 14. Anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Kumtaka mwombaji kazi alete cheti cha kupimwa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria yenyewe inamkataza mjamzito. Na ile barua ya "mume ameruhusu" ambayo hoteli nyingine bado zinaidai: marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Itoe kwenye faili la kuajiri. Unyanyasaji wa kijinsia kazini ni kosa la jinai tangu sheria ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia.

Onyo: mwenye hoteli atakuambia, "sisi tunawaheshimu wanawake, kila tarehe 8 Machi tunawanunulia kitenge." Kitenge ni kizuri. Mwambie akinunue, na mkataba wa maandishi uwekwe juu yake.

Hatua ya 5. Chagua mambo matatu, si kumi na matatu

Kwa kila jambo piga hesabu: gharama gawanya kwa akiba ya mwezi, unapata miezi ya kurudisha pesa. Chini ya miezi 6, anza leo. Miezi 6 hadi 24, panga. Zaidi ya hapo, subiri hadi yale ya kwanza yalipe. Moja lazima liwe la wafanyakazi wanawake, hata kama hesabu yake haionekani kwenye fakture. Katika nyumba nyingi, matatu ya kwanza ni haya yanayofuata: maji, kitani (mashuka na taulo), zamu ya usiku.

Hatua ya 6. Maji na moto

Fundi abadilishe mipira ya vyoo yote siku moja, si kimoja kimoja kinapoharibika. Kwenye matangi ya choo ya zamani weka chupa ya lita 1.5 iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, mbali na boya. Usiweke tofali: linamomonyoka na chembe zake zinaharibu valvu. Choo kikianza kuvutwa mara mbili, toa chupa, umepoteza badala ya kuokoa.

Boila la lita 80 linahitaji karibu kWh 3.7 kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Likiwa na wati 1,500, hayo ni masaa mawili na nusu. Kwa hiyo boila la chumba kisicholalwa lizimwe, na mapokezi waliwashe masaa matatu kabla ya mgeni kufika. Lakini usishushe joto chini ya nyuzi 60 ukitafuta akiba. Maji ya vuguvugu yanayokaa tangini yanazalisha vijidudu vya mapafu.

Sola ya kupasha maji inafaa sana hapa, na kosa lake ni moja: fundi anafuata mchoro wa Ulaya na kuelekeza paneli kusini. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta. Paneli zielekee *kaskazini*, zimeinama nyuzi 12 hadi 15. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu linazifunika. Zifutwe kwa maji kila wiki mbili, asubuhi zikiwa baridi.

Kwa taa, mapokezi na intaneti wakati umeme umekatika, betri na inveta zinashinda gurupu. Wati 500 kwa masaa 6 ni Wh 3,000. Betri za risasi hazifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji Wh 6,000, yaani volti 24 zenye Ah 250. Za lithiamu zinatosha ndogo zaidi. Betri ya lori usiiguse hata ukipewa bure. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ukiishusha kila usiku inakufa ndani ya miezi.

Jikoni, makala yanatoka kwenye misitu ya miombo inayozidi kusogea mbali na mji, na bei inasogea nayo. Mbabula (jiko la makaa) ya bati peke yake inapoteza moto pande zote. Yenye udongo ndani inahifadhi moto. Sufuria ifunikwe, maharage yaloweshwe usiku kucha. Pima tena kilo kwa sahani baada ya wiki mbili. Kama namba haijashuka, aliyebadilishiwa mbabula hajabadilishiwa sufuria: chini ya sufuria pakae karibu na makaa, si sentimita 10 juu yake.

Hatua ya 7. Kitani

Shuka libadilishwe kila baada ya usiku 3, na kila mgeni anapoondoka. Taulo likining'inizwa linabaki, likiwekwa chini linafuliwa. Kadi iwe kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, mistari miwili tu, bila mahubiri ya kuokoa dunia. Halafu, na hapa ndipo kadi nyingi zinakuwa uongo, mwambie anayesafisha kwamba *hataulizwa* kwa nini hakubadilisha. Wafanyakazi wengi wanabadilisha kila siku kwa kuogopa mkubwa wa kazi, hata mgeni akiwa amening'iniza taulo vizuri.

Kila kitanda kiwe na seti 3: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Mvua za Novemba hadi Aprili zinadai ya nne, pamoja na banda la kuanikia lenye paa na pande wazi. Bila banda, mashuka yanapigwa pasi yakiwa na unyevu na harufu haitoki tena.

Usafi wa chumba uwe na mpangilio mmoja kwa wote: juu kabla ya chini, kavu kabla ya maji, choo mwisho. Vitambaa rangi tatu: vya vumbi, vya bafu, vya choo. Javeli (maji ya klorini) ipimwe: gawanya asilimia iliyo kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Chupa ya 5% kwa dawa ya 0.1%: 50 toa 1, yaani kipimo 1 cha javeli kwa vipimo 49 vya maji. Iache dakika 10 kabla ya kufuta. Kamwe isichanganywe na siki, asidi ya kusafishia choo, wala amonia. Moshi wake unaweza kumlaza mtu hospitali. Glavu ni za hoteli kununua, si za mama kuleta nyumbani.

Hatua ya 8. Zamu ya usiku na milango

1. Zamu ya vyumba iishe saa 16.30. Kitani kikipungua kama katika hatua ya 7, muda huu unapatikana bila kuongeza mtu.
2. Anayetoka baada ya saa 18.00 asafirishwe kwa gharama ya hoteli, na dereva ambaye jina na namba vimeandikwa mapokezi. Kama haiwezekani, alale hotelini kwenye chumba chenye kitanda na komeo la ndani, si kwenye stoo ya mashuka.
3. Mlango wa chumba kinachosafishwa unabaki wazi, kigari kikiwa mlangoni. Mgeni akirudi, msafishaji anatoka na kurudi baadaye. Waandikie wageni sheria hiyo, ili mama asionekane mkaidi.
4. Usiku, kinachopelekwa chumbani kinapelekwa na wawili, au kinaachwa mlangoni.
5. Malalamiko yaende kwa watu wawili waliochaguliwa na wafanyakazi, mmoja mwanamke. Kisanduku cha barua ukutani chini ya kamera hakitapata barua hata moja.
6. Matabishi yawe na chupa moja, yagawanywe Ijumaa mbele ya wote, kwa saa za kazi.

Nafasi za mapokezi, hesabu na ufundi zinapofunguka, zitangazwe kwanza ndani, kwa maandishi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ina kituo mjini. Hoteli ikilipia mama mmoja mafunzo ya umeme au mabomba, hailazimiki kungoja fundi wa nje kila bomba linapovuja.

Hatua ya 9. Jikoni, soko na safari

Friji nyuzi 5 au chini, konjelatere (friza) -18, chakula cha moto kisishuke chini ya 60, cha kurudia kifike 75 katikati. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashika baridi masaa 4. Konjelatere iliyojaa masaa 48, ya nusu masaa 24. Andika saa ya kukatika kwa chaki mlangoni mwake.

Mboga, yaani matembele, lengalenga na sombe, zinunuliwe kwa akina mama walewale kila wiki kwa orodha iliyotolewa Jumapili. Walipwe siku hiyohiyo, kwa franka au kwa simu. Mama wa soko anayekopwa siku 30 anafunga meza, na wewe unarudi kwa mchuuzi mkubwa.

Chupa ndogo za maji ndizo zinazojaza ndoo ya plastiki. Badilisha kwa madumu ya lita 20 yanayorudishwa, na glasi zilizofunikwa chumbani. Kuchemsha maji ya kisima kunaua vijidudu tu. Metali hazitoki kwa moto, na katika mji wa shaba na kobalti kisima lazima kipimwe maabara kwanza.

Mabaki ya chakula: mboji, kipimo 1 cha mabaki kwa 2 au 3 vya majani makavu, ligeuzwe kila wiki. Yanayopelekwa kwa wafugaji wa nguruwe yachemshwe kwanza, kwa sababu ya homa ya nguruwe. Plastiki isichomwe uani.

Mgeni akiuliza cha kuona, mapokezi wawe na majibu: Makumbusho ya Taifa, bustani ya wanyama, maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu wakati wa kiangazi barabara inapopitika. Zawadi ya malakaiti au ya shaba ni sawa. Pembe za ndovu hapana, na nyama ya pori itoke kwenye menyu.

Kikikwama

*Mwenye hoteli anaficha mishahara.* Usilazimishe. Anza na maji. Akiona lita 33,600 zilizopotea, karatasi ya pili hufunguka yenyewe, mara nyingi mwezi wa tatu.

*Namba za maji hazishuki.* Angalia mambo kwa mpangilio: vyumba vilivyolalwa vimeandikwa kweli? Mita imesomwa saa ileile? Bustani inamwagiliwa na mpira usiofungwa? Ni mara chache sababu kuwa wageni.

*Wageni wanalalamika bafu ni dhaifu.* Tangi liko chini mno. Kila mita 10 za kimo ni bar 1, na vichwa vingi vya akiba vinahitaji angalau bar 1. Inua tangi au weka pampu ndogo. Usirudishe vichwa vya zamani.

*Hakuna mwanamke aliyeomba kazi ya ufundi.* Soma tangazo. Limesema "kijana mwenye nguvu"? Mafunzo ni jioni? Badilisha hivyo viwili, tangaza tena.

*Mboji inanuka.* Mabaki mengi, majani machache. Ongeza makavu, geuza. Panya wakija, kuna aliyetupa samaki.

*Mwenye hoteli anataka cheti cha kimataifa mara moja.* Vipo, na vigezo vya Global Sustainable Tourism Council unaweza kuvisoma kuona vinadai nini. Vyote vinaanza na namba za miezi iliyopita. Kama daftari halijafika miezi 12, pesa ya mkaguzi inunulie banda la kuanikia.

*Lalamiko la unyanyasaji limeletwa.* Usilichunguze mwenyewe. Mwondoe anayelalamikiwa kwenye zamu yake, si mwanamke. Andika tarehe, saa na maneno yake kama alivyoyasema. Muulize anataka nini: daktari, mwanasheria, au kwanza akae na dada yake. Tendo likiwa la kubakwa, hospitali ndani ya masaa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya hapo, na usafiri unalipwa na hoteli usiku huohuo.